Baada ya Saa 72: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya wa Lamu na Pwani

Kwa waheshimiwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Lamu, wenzenu wa Tana River, Kilifi na Mombasa, na kila mwenye kauli juu ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma za Pwani.

Assalamu alaykum.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifanya kazi kwa miaka 31, sehemu kubwa katika zahanati za visiwani na iliyobaki bara, na sasa namsaidia binti yangu, ambaye ni mfamasia, katika duka lake la dawa hapa Langoni, mjini Lamu. Nawaandikia juu ya jambo ambalo nililiona karibu kila wiki nikiwa kazini bila ya kulielewa, na ambalo sasa, nikiwa nimekaa nyuma ya kaunta, naliona kwa macho mengine. Kuna watu wazima, wengi wao wanawake, wenye maumivu ya tumbo ya miaka na miaka, waliopimwa kila kipimo na kuambiwa kila mara kwamba hawana ugonjwa. Baadhi yao, pamoja na maumivu hayo, wamebeba dhuluma ya kingono waliyofanyiwa zamani, na hakuna mtu wa afya aliyewahi kuwauliza.

Nianze na mmoja. Ameniruhusu nimweleze kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala kisiwa anachotoka, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alikuja dukani wiki mbili kabla ya Ramadhani akitaka dawa kali ya vidonda vya tumbo, ya kumvusha mfungo wote. Nilipomuuliza ni nani aliyemwambia kwamba ana vidonda, alitoa bahasha kubwa ya kaki ndani ya buibui lake, akaifungua juu ya kaunta, akaanza kupanga karatasi moja baada ya nyingine kwa kufuata tarehe. Zilikuwamo karatasi tisa za kipimo cha Widal, na mara zote tisa alikuwa ametibiwa taifodi. Vilikuwamo vipimo vya choo vya kutafuta amiba, picha mbili za skani, na ripoti ya kamera ya tumbo aliyopigwa Mombasa, ambayo ili ailipie aliuza bangili mbili alizotunzwa harusini, na ambayo mstari wake wa mwisho ulisema kwamba tumbo ni zima. Ya mwisho ilikuwa karatasi ya operesheni ya kidole tumbo, na humo humo aliyempasua alikuwa ameandika kwamba kidole tumbo alichokitoa hakikuwa na ubaya wowote.

Nikamwomba anieleze maumivu yenyewe. Aliweka kiganja chini ya kitovu, akakikunja polepole mpaka kikawa ngumi, akaisokota ngumi ile, akasema, "Hivi, mama. Kama nguo inayokamuliwa." Huanza asubuhi, hupungua kidogo akienda choo, kisha hurudi. Siku nyingine huharisha mara tano, kisha wiki nzima hapati choo. Tumbo hujaa mpaka watu humuuliza amebeba mimba ya miezi mingapi. Na kuna mambo mengine ambayo hayana mahali katika fomu yoyote ya hospitali. Udhu haukai: huutia, akasimama kuswali, ukatenguka kabla ya rakaa ya pili, akarudi kuutia tena, mpaka ameacha kuswali pamoja na wanawake wenziwe kwa kuona haya. Harusini hali chochote. Boti ya kutoka kwao haina choo, na maji yakiwa ya kupwa safari hurefuka, kwa hiyo siku ya kuvuka hatii kitu kinywani tangu usiku wake. Majirani humwambia ni chango, wengine ngiri, wengine gesi, na wapo waliomwambia kwamba amefanyiwa. Hospitalini alikuwa ameambiwa vidonda, taifodi na amiba, na mara ya mwisho aliambiwa kwamba hana kitu.

Binti yangu alikuwa ametoka kwenda kuswali alasiri. Nilirudisha mlango, nikamkaribisha kiti nyuma ya kaunta, nikamuuliza swali ambalo katika miaka 31 sikuwahi kumuuliza mgonjwa wa tumbo hata mmoja. Nilimwambia kwamba wapo watu ambao matumbo yao huuma hivi, na ambao zamani waliguswa au walilazimishwa mambo wasiyoyataka. Kwamba kama lipo la namna hiyo anaweza kulisema au asiliseme, na dawa nitampa vilevile. Alizikusanya karatasi zake, akazilinganisha kingo, akazirudisha katika bahasha. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye bahasha, "Tangu miaka tisa, mpaka nilipovunja ungo." Alikuwa mtu wa nyumba ile ile aliyolelewa. Halafu akainua uso, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Na hayo yanahusiana vipi na tumbo?"

Jibu la swali lake lipo, na limekuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1990 Douglas Drossman na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanawake 206 waliokuwa wakihudhuria kliniki ya maradhi ya tumbo na utumbo. Asilimia 44 kati yao walieleza kwamba waliwahi kufanyiwa dhuluma ya kingono au ya kimwili, utotoni au ukubwani. Wale ambao maradhi yao hayakuwa na kidonda, uvimbe wala kasoro nyingine ya umbo, yaani wale ambao utumbo wao ni mzima ila utendaji wake ndio uliovurugika, walielekea zaidi kuwa wamewahi kuingiliwa kwa nguvu kuliko wale ambao ugonjwa wao huonekana. Waliodhulumiwa walikuwa pia wamepasuliwa mara nyingi zaidi maishani mwao, na nilipoisoma sentensi hiyo nilikumbuka kidole tumbo kile kizima. Karibu thuluthi moja yao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani, na ni asilimia 17 tu waliokuwa wamewaeleza madaktari wao. Hao walikuwa wagonjwa wa kliniki ya chuo kikuu, yenye vyumba vya faragha na madaktari bingwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, walizikusanya pamoja tafiti 23 zenye watu 4,640, wakakuta kwamba uwezekano wa mtu aliyedhulumiwa kingono kupata maradhi haya ya tumbo katika maisha yake ni karibu mara mbili na nusu ya ule wa mtu ambaye hakudhulumiwa, na kwa aliyebakwa uwezekano huo ulifika mara nne. Najua kwamba tafiti hizo hazikufanywa Lamu, lakini utumbo wa mwanamke wa Faza umeumbwa kama wa mwanamke wa Marekani, na hofu ya mtoto ni hofu popote alipo.

Namna linavyotokea jambo hili inaelezeka bila ya uchawi wala lawama. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, yenye seli zaidi ya milioni 100, inayosaga, kusukuma na kutoa chakula bila ya kungoja amri, na inayozungumza na ubongo mchana na usiku. Njia yao kubwa ni neva iitwayo vagasi, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari kutoka tumboni kwenda juu. Mtoto anayelala nyumba moja na anayemdhuru hulala akisikiliza mlango. Mwili wake hukaa katika tahadhari, homoni za hofu humwagika usiku baada ya usiku, na mwili uliozoea tahadhari hiyo tangu utotoni mara nyingi hauwezi kuiacha mtu anapokuwa mkubwa na mlango ukiwa wake mwenyewe. Utumbo nao hubadilisha mwendo, mara ukakimbia, mara ukakwama. Hisia zake hunoleka: katika vipimo ambavyo kipira huingizwa sehemu ya mwisho ya utumbo na kujazwa hewa kidogo kidogo, wengi wenye maradhi haya husikia maumivu kwa kiasi cha hewa ambacho mtu mwingine hakimsumbui. Misuli ya nyonga iliyojifunza kujikaza ili kujilinda huendelea kujikaza hata chooni, mahali inapotakiwa ilegee, na hapo mtu hufunga choo. Kwa hiyo anayesema tumbo linamuuma anasema kweli. Kamera haikuona kitu kwa sababu kamera huonyesha umbo la utumbo, na maumivu haya yamo katika hisia zake.

Wataalamu wanaoweka vigezo vya maradhi haya, vijulikanavyo kama vigezo vya Rome, katika toleo lao la nne la mwaka 2016 waliyaita maradhi ya mawasiliano baina ya utumbo na ubongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliowafikia watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, ulikuta kwamba miongoni mwa waliohojiwa kwa intaneti zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa na angalau mojawapo ya maradhi hayo. Ni wagonjwa wengi, na sisi huku tumekuwa tukiwaandikia dawa za taifodi kwa kutegemea Widal, kipimo ambacho inajulikana kwamba kinapotosha mara nyingi katika nchi zenye taifodi ya kila mara. Nasema sisi kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao, na sindano nyingi nilizichoma kwa mkono wangu.

Naomba hapa nieleweke vizuri, maana jambo hili likishikwa vibaya litawaumiza wale wale ninaowaombea. Si kila tumbo la namna hii lina dhuluma nyuma yake. Wengi wenye maradhi haya hawakudhulumiwa kamwe. Wapo ambao utumbo wao ulipoteza mwendo baada ya kuhara kwa vijidudu kweli kweli, wapo ambao maradhi haya yamo katika ukoo, wapo wenye mashaka ya namna nyingine kabisa, na ni kosa kubwa muuguzi kumtazama mwanamke mwenye gesi akamdhania siri asiyokuwa nayo. Wala aliyedhulumiwa hana kinga ya saratani, ya kifua kikuu cha tumbo au ya vidonda halisi. Damu katika choo, mwili kukonda bila ya sababu, homa isiyokwisha, upungufu wa damu, maumivu yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, au saratani ya utumbo katika jamaa, yote hayo yanataka uchunguzi wa haraka, na historia ya mtu isiwe kisingizio cha kutompima. Ninalolilalamikia ni kupima kitu kile kile mara tisa.

Sasa nije kwenye lililo mikononi mwenu. Katika nchi yetu tumejenga, kwa taabu na kwa muda mrefu, njia ya kumpokea aliyedhulumiwa jana. Sheria ya Makosa ya Kingono ipo tangu mwaka 2006. Upo mwongozo wa kitaifa wa kuwahudumia waliofanyiwa dhuluma za kingono, ambao toleo lake la tatu ni la mwaka 2014. Muuguzi anajua kwamba dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Anaijua fomu ya PRC, ya kumhudumia aliyebakwa, na fomu ya P3 ya polisi. Anazijua namba za simu za kuomba msaada, 1195 na, kwa watoto, 116. Hayo ni mema na nayashukuru, kwa sababu nilianza kazi kabla hayajakuwapo, na nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiwaosha wasichana na kuwarudisha nyumbani. Lakini njia yote hiyo imepimwa kwa saa. Anayekuja baada ya miaka 20, akiwa na tumbo badala ya jeraha, hana fomu, hana dirisha la kwenda, na hana hata neno la kumwambia karani wa mapokezi. Huandikwa "maumivu ya tumbo", akapelekwa maabara.

Na watu hao si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 juu ya ukatili dhidi ya watoto uliwahoji vijana wa miaka 18 hadi 24, na asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walisema waliwahi kufanyiwa dhuluma ya kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi wa pili, wa mwaka 2019, ulipata asilimia 15.6 kwa wanawake na 6.4 kwa wanaume. Kushuka huko ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini vijana wa mwaka 2010 hawakufutika. Leo ndio akina mama na akina baba wanaopanga foleni katika vituo vyenu. Wenzetu wa Malindi wana hesabu yao ya peke yake. Ripoti ya Serikali ya Kenya na UNICEF ya mwaka 2006, iliyochunguza Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani, ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Pwani walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono. Mwaka ule yalisemwa mengi juu ya watalii na mahoteli. Msichana aliyekuwa na miaka 14 wakati huo sasa ni mwanamke aliyepita miaka 30, na sijasikia anayeuliza tumbo lake linaendeleaje.

Mgonjwa wangu alinisimulia pia siku aliyopimwa kwa kidole, njia ya haja kubwa, katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu ingeweza kuwa yoyote, hata mojawapo ya zile nilizofanya kazi mimi. Alilazwa ubavu, pazia halikufika mwisho wa waya wake, na hakuna aliyemweleza kitakachofanyika. Alisikia mlio wa glovu ikivutwa, kisha mkono. Akaruka kitandani, akaiangusha sinia ya vyuma. Aliyekuwa akimpima akasema, mbele ya wanafunzi wawili, "Mwanamke mzima na watoto watatu, unaogopa kidole?" Hakukanyaga hospitali tena kwa miaka minne, na katika miaka hiyo alijinunulia dawa za vidonda mwenyewe. Sidhani kwamba aliyesema vile alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, foleni ilikuwa nje ya mlango, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mwili unaoruka hivyo huenda unakumbuka kitu. Kumweleza mgonjwa kabla ya kumgusa, kumwambia kwamba akisema "ngoja" mkono utasimama, kumweka muuguzi wa kike upande wa kichwa chake, vyote pamoja havichukui zaidi ya dakika mbili.

Ombi langu la kwanza, basi, ni mafunzo, na nayataka yawafikie wanaokutana na tumbo mwanzo: wauguzi na matabibu wa zahanati, kabla ya madaktari wa hospitali kuu. Wafundishwe kuyatambua maradhi haya kwa dalili zake, hasa yale yaitwayo kwa Kiingereza irritable bowel syndrome, yaani IBS, ambayo dalili zake ni maumivu yanayorudi angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayohusiana na kwenda choo au na kubadilika kwa choo, ili wayape jina badala ya kusema "hana kitu". Wafundishwe kuuliza juu ya mambo ya zamani kwa upole, baada ya mgonjwa kuzoea, bila ya kumlazimisha asimulie, na bila ya kuandika kitu ambacho hakukubali kiandikwe. Anayeuliza na asiulize kabisa kama hana muda wa kusikiliza jibu, kwa sababu swali la namna hiyo likiulizwa huku macho yako kwenye simu humfunga mtu kwa miaka mingine 20.

La pili ni chumba. Amu, mji wetu huu wa Lamu, ni mji wa vichochoro, anayekohoa Mkomani husikika Langoni, na visiwani ni hivyo hivyo au zaidi. Muuguzi wa zamu anaweza kuwa mtoto wa ami wa yule yule aliyedhulumu. Daftari la wagonjwa hukaa wazi mezani na kila anayepita hulisoma. Katika hali hiyo hata swali lililoulizwa kwa ustadi halitapata jibu la kweli, na asiyejibu ana haki. Wekeni utaratibu kwamba kila mgonjwa mzima, bila ya kubagua, anaonwa peke yake kwa dakika kumi, mume au mama mkwe akikaa nje, ili asionekane mmoja tu kuwa ndiye mwenye la kuficha. Mgonjwa aruhusiwe kuchagua kituo kingine bila ya kueleza kwa nini. Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayasemwi, kwamba stara ndiyo adabu yetu. Mimi ni mtoto wa mji huu na thamani ya stara naijua, nimelelewa nayo, na chumba chenye mlango unaofungika ndicho hasa stara ninayoiomba.

La tatu ndilo gumu zaidi: wa kumpokea mtu baada ya kusema. Nitaambiwa kwamba wanasaikolojia ni wachache, na ni kweli. Lakini mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya, Nairobi, juu ya wanawake 421 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa mitaa ile ile, waliofundishwa mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus: vikao vitano, kimoja kila wiki, vya kujifunza kutuliza mwili, kupanga matatizo na kurudi katika shughuli na kwa watu. Dhiki ilipungua zaidi kwao kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida. Utafiti huo ulipima dhiki, haukupima tumbo, na sitaki kuusemea zaidi ya ulichosema. Ila tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya maradhi haya ya tumbo imepimwa kwingine na imeonekana kuwasaidia wengi. Wahudumu wa afya wa jamii mnao, wanapita nyumba kwa nyumba na mkoba wao. Wateueni wachache katika kila wadi, wanawake na wanaume, muwafundishe, na muwape msimamizi wa kuwasikiliza wao pia, kwa sababu anayepokea mambo haya kila wiki hulala nayo.

Dawa nazo zipo, na hazina gharama kubwa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowapa wagonjwa 463 wa IBS, wa kliniki za kawaida, ama amitriptilini ya kiasi kidogo, miligramu 10 zikipandishwa taratibu hadi 30, ama kidonge kisicho na dawa, na waliopata amitriptilini walipata nafuu zaidi ya tumbo. Ni dawa ya zamani, ya kuandikwa na tabibu, na haimfai kila mtu, kwani huleta usingizi na huweza kuzidisha kufunga choo. Lakini isitolewe kimya kimya. Nimewaona wagonjwa wakiirudisha dukani kwa hasira baada ya jirani kuwasomea karatasi iliyomo kwenye pakiti na kuwaambia kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Maneno mawili, kwamba kwa kiasi hiki kidogo inatuliza mishipa ya fahamu ya utumbo, yangewazuia.

Wanaume msiwasahau. Kuna kijana mvuvi aliyenunua kwetu dawa ya kulainisha choo kwa karibu miaka miwili, na kila akija hunong'ona. Siku moja alisimama muda mrefu baada ya kupewa chenji yake. Sikumuuliza kitu, kwa sababu duka lilikuwa limejaa watu, na hajarudi tena. Ile asilimia 18 ya mwaka 2010 ni wanaume kama yeye, na kwao hata lugha ya kulisema jambo lenyewe haipo.

Kwa watoto utaratibu ni mwingine, na naomba usichanganywe na huu. Mtoto ambaye tumbo humuuma kila asubuhi ya kwenda mahali fulani, au kila anapoachwa na mtu fulani, aulizwe kwa makini, na akisema, habari ziende kwa afisa wa watoto na polisi siku hiyo hiyo. Zisimalizwe barazani baina ya wazee wa pande mbili kwa kulipana. Hao wanaomalizwa barazani ndio wanaokuja kwetu baadaye na bahasha za kaki.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na imeziweka huduma za afya za kaunti mikononi mwenu. Sijaomba mashine wala jengo. Niko tayari kuja mbele ya kamati yoyote, Lamu, Malindi au Mombasa, na kukaa na wauguzi vijana siku mnayotaka bila ya posho, na nawajua wastaafu wenzangu wawili walio tayari pia.

Siku ile nilimjibu mgonjwa wangu swali lake kadiri nilivyoweza, kwa maneno niliyoyaandika humu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kama ni kweli kwamba wengine pia wako hivyo, na alipoondoka aliniachia bahasha, akasema amechoka kuibeba. Aliniuliza aende wapi sasa, na sikuwa na pa kumwelekeza. Bahasha yake iko katika droo ya kaunta. Nijulisheni ni kituo gani, chumba gani, siku gani ya wiki, na ni nani atakayekaa humo, nami nitampeleka mwenyewe.

Wenu katika utumishi wa afya,

Muuguzi mstaafu,
Langoni, Lamu